Sura ya Sita: Mabua, Makapi na Maganda — Chakula cha Kondoo wa Kiangazi

Katika vijiji vingi vya Handeni, mahindi ya masika yakishaingia ghalani, mabua hulundikwa na kutiwa moto ili shamba liwe safi kabla ya vuli. Upande wa Korogwe, mashine za korona hukwangua majani ya mkonge, singa zikaenda kuanikwa, na makapi ya kijani yakasombwa na maji hadi jalalani. Kisha inaingia Januari. Upepo wa kaskazi unakausha nyasi za mbugani hadi zinavunjika zikikanyagwa, mbavu za kondoo zinaanza kuhesabika, na mfugaji anauza wawili watatu kwa bei ya kutupa ili waliobaki wapate nafasi ya kuishi mpaka mvua.

Wilaya hizi mbili za mkoa wa Tanga zimeunganishwa na barabara ya lami ya kilomita 65. Mwisho mmoja wa barabara hiyo kuna mifugo mingi na kiangazi kikali. Mwisho mwingine kuna mto Pangani, mashamba ya mkonge na mpunga. Ukiyaweka pamoja mazao yote yanayobaki baada ya binadamu kuchukua sehemu yake, utaona kwamba kondoo wa ukanda huu hawakosi cha kutafuna. Wanakosa mtu wa kukihifadhi kwa wakati wake na kukichanganya na majani yenye protini. Sura hii inaeleza namna ya kufanya hayo mawili.

Tumbo linalohitaji wafanyakazi

Kondoo ni mnyama anayecheua. Chumba cha kwanza cha tumbo lake kimejaa vijidudu, mabilioni kwa mabilioni, na hivyo ndivyo vinavyovunja nyuzinyuzi za majani. Kondoo mwenyewe hana uwezo wa kumeng'enya bua. Yeye hulisha vijidudu, navyo humlisha yeye kwa kile vinachozalisha na, mwishowe, kwa miili yao.

Vijidudu hivyo vinahitaji naitrojeni, na kwa kondoo naitrojeni hiyo hutoka hasa katika protini ya majani. Chakula chote cha siku kikishuka chini ya asilimia 7 ya protini katika uzito mkavu, vijidudu hupungua, chakula hukaa tumboni muda mrefu bila kuvunjwa, na kondoo huacha kula ilhali tumbo limejaa. Hapo ndipo wafugaji wengi hukosea katika kumsoma mnyama. Wanaona tumbo kubwa, wanadhani ameshiba. Kumbe ana njaa juu ya shibe. Bua la mahindi lililokauka huwa na protini ya asilimia 4 hivi. Nyasi za porini za mwezi Februari hazina nafuu kubwa kuliko hapo. Ndiyo sababu kumwongezea kondoo mabua pekee hakumnenepeshi.

Tiba yake haina gharama kubwa. Majani ya miti ya jamii ya mikunde, kama lusina na glirisidia, yana protini ya asilimia 20 hadi 25. Ukichukua mabua sehemu 7 na majani ya lusina makavu sehemu 3, mchanganyiko wote hufika asilimia 9 hivi. Umevuka ule mpaka wa 7, vijidudu vimepata nguvu, na yale mabua yaliyokuwa mzigo tumboni yamegeuka kuwa chakula. Kanuni hii ndiyo msingi wa yote yanayofuata: kilicho kigumu kiende pamoja na kilicho kibichi.

Handeni: shamba lisichomwe moto

Handeni hulima mahindi, muhogo, mbaazi, kunde, karanga na ufuta. Kila zao, ukiacha ufuta, huacha kitu ambacho kondoo anaweza kukila, lakini vitu hivyo havina thamani sawa.

Mabua ya mahindi ndiyo mengi kuliko vyote. Yavunwe mapema, wiki ile ile mahindi yanapovunjwa, kabla mvua au mchwa hawajayaharibu. Yakatwekatwe kwa panga vipande vifupi vya kidole kimoja au viwili, kwa sababu bua zima kondoo huchagua majani tu na kuliacha lililobaki. Yakishakauka, yashindiliwe katika sanduku la mbao lililo wazi juu na chini, yafungwe kwa kamba ya mkonge, yatoke yakiwa marobota. Marobota hupangwa juu ya kichanja, chini ya paa, mahali ambapo maji hayafiki na mchwa hawapandi.

Mwenye uwezo wa kununua mbolea ya urea anaweza kuyaboresha zaidi. Kwa kilo 100 za mabua makavu yaliyokatwa, yeyusha kilo 4 za urea katika lita 50 za maji, nyunyizia tabaka kwa tabaka, shindilia, funika kwa turubai lisilopitisha hewa na uache siku 21. Amonia itokanayo na urea hulegeza nyuzinyuzi na kuongeza naitrojeni. Siku ya kulisha, toa kiasi cha kutosha na ukianike hadi harufu kali iishe. Urea isiyeyushwe kwenye maji ya kunywa ya mifugo, wala isinyunyizwe juu ya chakula kinacholiwa hapo hapo. Kondoo anayelamba urea nyingi kwa mkupuo mmoja hufa kabla hujamtafuta mtaalamu.

Mabaki ya mikunde ni bora zaidi kuliko mabua. Majani ya karanga yaliyong'olewa na kukaushwa kivulini, maganda na majani ya mbaazi, mashina ya kunde na fiwi: haya yawekwe kando, yasichanganywe ovyo na mabua, maana ndiyo yatakayolishwa kondoo jike wenye mimba ya miezi miwili ya mwisho na wale wanaonyonyesha. Kondoo hubeba mimba miezi mitano, na sehemu kubwa ya uzito wa mwanakondoo hujengwa katika wiki zile za mwisho. Marando ya viazi vitamu nayo ni chakula kizuri, laini, chenye protini kuliko nyasi, na wana wa kondoo huyapenda.

Halafu kuna pori lenyewe. Mgunga hudondosha maganda wakati wa kiangazi, nyasi zikiwa zimekwisha. Wafugaji wa Kiturkana wa kaskazini mwa Kenya tangu zamani huyakusanya maganda haya na kuyaweka akiba kwa ajili ya mbuzi na kondoo. Mbegu zake ni ngumu na nyingi hupita tumboni zikiwa nzima, kwa hiyo kuyatwanga kwenye kinu kabla ya kulisha humfaidisha kondoo zaidi. Mkulagembe, ambao wafugaji wengi huuchukia kwa sababu unavamia malisho, nao huzaa maganda yanayoliwa vizuri na mbuzi na kondoo. Mti unaokufungia njia unaweza kukulipia angalau sehemu ya hasara.

Korogwe: zaidi ya singa

Mkonge uliingia Afrika Mashariki mwaka 1893, pale Mjerumani Richard Hindorf alipoagiza miche 1,000 kutoka Florida. Ni miche 62 tu iliyofika hai na kupandwa karibu na Pangani. Kutoka miche hiyo kukatokea mashamba yaliyoifanya Tanganyika kuwa mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani, na katikati ya miaka ya 1960 nchi ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 200,000 za singa kwa mwaka. Ngombezi, Magunga, Mwelya, Magoma na Hale, yote ya Korogwe, ni majina yaliyojengwa na zao hilo.

Lakini singa ni asilimia 4 hivi tu ya uzito wa jani. Maana yake, kila tani moja ya singa iliyopakiwa kwenda bandarini imeacha nyuma zaidi ya tani 20 za maji, utomvu na nyama ya jani. Huko Hale ulijengwa mtambo wa kugeuza makapi hayo kuwa gesi na umeme, hatua nzuri iliyoonyesha kwamba jalala la mkonge ni mali. Kuna njia nyingine ya kuitumia mali hiyo, na wenzetu wa Brazil wameitangulia.

Jimbo la Bahia, kaskazini mashariki mwa Brazil, lina hali inayofanana sana na Handeni: ukame wa mara kwa mara, wakulima wadogo, mbuzi na kondoo wengi, na mkonge kila upande. Huko wafugaji huchukua nyama ya jani inayotoka kwenye mashine, huitenga na nyuzi fupi, na kuwalisha wanyama ikiwa mbichi, ikiwa imekaushwa juani au ikiwa imesindikwa kama sileji. Hawaifanyi kuwa chakula pekee. Wanaitumia kujaza pengo la miezi migumu.

Mfugaji wa Korogwe au Handeni anayetaka kuiga ajue mambo manne. La kwanza, zile nyuzi fupi lazima zitengwe kwa kuchekecha makapi juu ya wavu, kwani zikiliwa husokotana tumboni na kufanya donge linaloziba njia. La pili, makapi mabichi huchacha haraka. Yalishwe siku ile ile, au yaanikwe juu ya sakafu safi, au yashindiliwe mara moja kwenye shimo au pipa la sileji. La tatu, makapi yana kalsiamu nyingi na fosforasi kidogo, kwa hiyo yaende pamoja na pumba za mahindi au mpunga, ambazo zina fosforasi ya kutosha. La nne, jamii ya mkonge ina saponini. Ndugu yake wa mwituni huko Texas, Agave lechuguilla, huharibu maini ya kondoo na mbuzi na kuwavimbisha uso wanapokaa juani. Kwa sababu hiyo anza kidogo kidogo, yasizidi robo ya chakula cha siku, na kondoo yeyote anayevimba uso au masikio aondolewe kwenye makapi na kuwekwa kivulini siku hiyo hiyo.

Korogwe ina vingine. Mashamba ya mpunga ya Mombo huacha mabua ambayo ni magumu kuliko ya mahindi kwa sababu ya silika, lakini hupokea matibabu ya urea vizuri. Kuna migomba, ambayo shina lake ni maji karibu yote na hufaa kupoza kiu zaidi ya kushibisha. Na kandokando ya milima ya Usambara mvua inatosha kuotesha glirisidia na lusina kama ua wa shamba. Fimbo moja ya glirisidia ikichomekwa ardhini mwanzoni mwa masika huchipua, na baada ya mwaka wa kwanza mti huo hukatwa majani mara tatu au nne kwa mwaka bila kufa. Kondoo hukataa harufu yake mwanzoni. Yaache majani yanyauke nusu siku, wape kidogo wakiwa na njaa ya asubuhi, na baada ya wiki moja au mbili watayazoea.

Minyoo haipandi mti

Kuna sababu nyingine ya kumlisha kondoo majani ya juu, hasa kwenye mabonde yenye unyevu ya Korogwe. Adui mkubwa wa kondoo huko ni mnyoo anayenyonya damu katika tumbo la nne. Jike mmoja hutaga maelfu ya mayai kila siku. Mayai hutoka na kinyesi, huanguliwa kwenye unyevu, na viluwiluwi hukaa kwenye nyasi, wengi wao karibu kabisa na ardhi. Kondoo anayechunga nyasi fupi zilizolowa hujimezea minyoo kila anapouma. Anayekula majani yaliyokatwa mtini na kuwekwa kwenye hori lililoinuliwa huepukana nayo.

Hapa tusisahau kondoo wenyewe. Katika miaka ya 1990 watafiti walilinganisha kondoo wekundu wa Kimasai na kondoo wa mbegu ya Dorper katika shamba la Diani, pwani ya Kenya, mahali penye joto na unyevu. Kondoo wa Kimasai walistahimili minyoo vizuri zaidi, vifo vikawa vichache, na hesabu ilipopigwa kundi lao lilionekana kuzalisha mara mbili hadi tatu ya kundi la Dorper. Mkia wa mafuta wa kondoo wa Kimasai ni ghala analotembea nalo. Mfugaji anayekimbilia mbegu kubwa kabla ya kujenga akiba ya malisho ananunua mdomo mpana zaidi wa kulisha kiangazi.

Sumu na mitego

Majani na maganda ya muhogo ni chakula kizuri kilichobeba sianidi. Yakikatwakatwa na kuanikwa jua kali siku mbili au tatu, sumu hiyo hupungua sana. Mabichi ya muhogo mchungu yasitupwe zizini hata kidogo. Maganda yana nguvu lakini protini yake ni ndogo, kwa hiyo nayo yanahitaji majani ya mikunde.

Lusina ina mimosini, ambayo hudondosha manyoya na kuvimbisha tezi la shingo ikizidi. Theluthi moja ya chakula iwe ndiyo mwisho. Mtafiti wa Australia, Raymond Jones, aliona kwamba mbuzi wa Hawaii waliila lusina bila madhara, akagundua kuwa tumboni mwao mna bakteria wa kuivunja sumu hiyo. Mwaka 1992 bakteria huyo akapewa jina kwa heshima yake. Kwa mfugaji wetu, njia ya uhakika ni kuchanganya.

Mtego mkubwa kuliko yote ni mathenge. Mti huu uliletwa Baringo nchini Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa nia njema ya kuni na kuzuia jangwa. Uliteka malisho, na maganda yake matamu yakaliwa na mbuzi hadi meno yakaoza. Mwaka 2006 wananchi wa huko waliishtaki serikali na kumpeleka mahakamani Nairobi mbuzi asiye na meno. Maganda hayo yakisagwa, mbegu na yote, ni chakula kizuri. Yakiachwa mnyama ale mwenyewe, mbegu husambazwa kwa kinyesi. Mathenge tayari umeonekana tambarare za Kahe, katika bonde hili hili la mto Pangani. Mtu wa Korogwe akiuona mche wake ukingoni mwa mto, asiufurahie kwa kuwa ni kijani. Aung'oe na kutoa taarifa kwa ofisa mifugo.

Hesabu ya kundi la kondoo 20

Chukua kondoo 20 wenye wastani wa kilo 30. Kila mmoja anahitaji kama kilo 1 ya chakula kikavu kwa siku, kwa hiyo kundi linahitaji kilo 20. Kwa kiangazi cha siku 90, jumla ni kilo 1,800.

Kati ya hizo, mabua yawe kilo 1,260 na majani ya mikunde kilo 540. Kwa kuwa kondoo huchagua na kuacha sehemu ngumu, hifadhi mabua ya kilo 1,700 ili pasitokee upungufu. Hayo hupatikana kwenye ekari mbili za mahindi yaliyostawi vizuri. Kilo 540 za majani makavu kwa siku 90 ni kilo 6 kwa siku, ambazo ni kama kilo 25 za majani mabichi: mzigo mmoja au miwili ya kichwani. Ongeza chumvi, na maji safi ya kunywa kila siku, kwa kuwa chakula kikavu huongeza kiu. Usiwape chakula cha nguruwe au kuku cha dukani; shaba iliyomo huweza kumuua kondoo, ambaye huistahimili kidogo kuliko wanyama wengine wa zizini.

Mfugaji asiye na ekari mbili za mahindi ana jirani aliye nazo. Hapo ndipo jambo hili linapovuka mipaka ya zizi. Tangu Juni 2022 kijiji cha Msomera, Handeni, kimepokea familia zilizohama Ngorongoro pamoja na mifugo yao, na kabla ya hapo wilaya ilikwisha kuwa makazi ya Wazigua wakulima na Wakwavi wafugaji kwa vizazi vingi. Mabua yanapoingiliwa na mifugo bila maelewano, huzaa ugomvi. Yanaponunuliwa, au yanapobadilishwa kwa gunia la samadi, huzaa ujirani. Wamasai wana desturi ya alalili, malisho yanayofungwa msimu wa mvua kwa ajili ya ndama na wagonjwa. Wasukuma wana ngitili, malisho ya akiba ambayo mradi wa hifadhi ya ardhi wa HASHI uliyafufua Shinyanga kuanzia mwaka 1986. Sheria ya Nyanda za Malisho na Rasilimali za Vyakula vya Mifugo ya mwaka 2010 nayo inatambua kwamba malisho ni rasilimali ya kutunzwa. Mkutano wa kijiji unaweza kukaa kila Juni na kukubaliana ni mashamba yapi yatauza mabua, kwa bei gani, na lini mifugo iruhusiwe kuingia.

Soko linasogea

Kondoo wengi wa Tanga huuzwa kuelekea Idd el-Hajj. Dini imekataza kuchinja mnyama aliyekonda kupita kiasi, na mnunuzi hupapasa mgongo kabla ya kutaja bei. Idd hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka. Leo inaangukia karibu na masika, majani yakiwa mengi. Kufikia mwaka 2033 itakuwa mwezi Machi, kondoo wakitoka kwenye kaskazi. Mwaka huo atakayekuwa na kondoo walionona ni yule aliyeanza mapema kuweka marobota na kuchomeka fimbo za glirisidia.

Wahenga walisema akiba haiozi. Kwa mfugaji wa Handeni na Korogwe, akiba hiyo inaanza Julai, siku mahindi yanapovunjwa. Usichome mabua yako. Yakate, yakaushe, yaweke juu ya kichanja. Panda miti ishirini ya glirisidia au lusina kwenye mpaka wa shamba masika yajayo. Na ukikwama, muone ofisa mifugo wa kata, kituo cha utafiti wa mifugo cha TALIRI kilichoko Tanga au walimu wa chuo cha mifugo cha LITA Buhuri. Kazi hii haihitaji mradi wala mfadhili. Inahitaji panga, kamba, paa na uamuzi wa kuanza msimu huu.